Anayemuuguza askari naye alindiwe kazi yake

Mhariri,

Assalamu alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji.

Ijumaa iliyopita nilikuwa gatini Mkoani kumpokea mgeni. Boti ilipokuwa inapakia niliwaona vijana wawili wa kijijini kwetu wakiagana na wazee wao, vichwa vimenyolewa, mabegi ya kijani mgongoni. Wanarudi kambini Bara baada ya ruhusa fupi, na wenzao wananong'ona kwamba huenda safari hii wakapelekwa nje kulinda amani. Mama wa mmoja wao alikuwa na kifuko cha visheti cha kumpa mwanawe. Alikifunga, akakifungua, akakifunga tena. Nilishindwa kuangalia. Niliporudi nyumbani nilitoa daftari nikaanza kuandika haya niliyokaa nayo moyoni muda mrefu.

Mimi ni mwalimu. Nilisomesha Kiswahili na Historia kwa miaka sita katika skuli moja ya binafsi hapa Pemba. Skuli yenyewe siitaji, kwani sikuja hapa kumshitaki mtu, na mkuu wangu wa wakati ule tukikutana njiani tunasalimiana vizuri. Ninachokitafuta ni kikubwa kuliko yeye na mimi.

Mdogo wangu ni askari wa JWTZ, jeshi letu la Muungano. Alijeruhiwa Kongo. Siku na pahala navihifadhi, kwa kuwa hayo ni yake na ya wenzake, si yangu kuyatangaza. Nitasema tu kwamba bomu liliripuka karibu naye, kipande kikamvunja muundi wa mguu wa kushoto na vipande vyengine vidogo vikamwingia pajani na begani. Simu ilikuja saa nne asubuhi, nimo darasani na Kidato cha Pili, ubaoni nimeandika vitenzi vya mazoezi. Nilitoka nje nikaipokea chini ya mwembe. Niliporudi ndani nilikichukua kile kipande cha chaki lakini sikukumbuka nilikuwa nikitaka kuandika nini.

Jioni yake tulikaa barazani kwa baba kuulizana nani aende. Baba macho yake yana mtoto wa jicho, haoni hata ngazi za boti. Mama ana presha, na tangu simu ile ilikuwa haishuki. Kaka yetu mkubwa yuko Oman kwa mkataba. Wifi yangu, mke wa mgonjwa mwenyewe, alikuwa na mtoto wa siku kumi na tisa, hajatoka arubaini. Hakuna aliyenitaja. Kila mmoja aliangalia chini, na mimi nikasema nitakwenda. Wanangu wawili nikawaacha kwa mama mdogo.

Niliomba ruhusa nikapewa siku saba. Zilipokwisha nilipiga simu nikaongezwa kumi. Zilipokwisha na hizo, mkuu alinieleza kwa upole kwamba hawezi zaidi. Maneno yake nayakumbuka: "Angekuwa mumeo ningejua la kuwaambia wakubwa zangu. Huyu ni kaka yako, na ana mke." Nilimwomba likizo bila ya malipo. Akasema katika taratibu zao hakuna likizo ya kumuuguza kaka, yenye malipo wala isiyo na malipo, na watoto arubaini na moja wana mtihani mwisho wa mwaka. Alikuwa anasema kweli kuhusu watoto. Wale walikuwa watoto wangu, nami niliwahurumia. Wiki iliyofuata barua ya kusitishwa ajira ikanifikia kwa picha kwenye simu, mimi nimesimama ukumbini mwa hospitali na chupa ya uji mkononi.

Kabla sijaendelea niseme jambo ili nisieleweke vibaya. Mdogo wangu alitibiwa, na alitibiwa vizuri. Jeshi halikumtupa, mshahara wake haukukatika siku moja, na madaktari walimfanyia upasuaji mara tatu bila ya sisi kutoa hata shilingi. Kwa hayo namshukuru Mungu na nawashukuru wao. Wako walioniuliza: ikiwa hospitali ina manesi, dada wa kazi gani? Hilo naomba nilijibu kwa kirefu, kwani naona ndipo watu wengi wanapokosea.

Mguu wake ulifungwa vyuma vya nje. Ni fito za chuma zinazokaa juu ya ngozi, na misumari sita inayoingia mpaka kwenye mfupa ili kuushika usicheze. Nesi mmoja wa makamo alinikalisha kitako akanifunza. Maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Kipande cha gozi safi, kile kitambaa cha kufungia vidonda, kwa kila tundu, usifute tundu hili ukaenda na kipande hichohicho kwenye lile. Anza pale msumari unapoingia, zungusha kwenda nje, usirudi ndani. Angalia ngozi, ikiwa nyekundu na ina moto, au maji yanayotoka yamekuwa mazito ya manjano, usingoje kukuche. Misumari sita, asubuhi na jioni. Mara ya mwanzo mkono ulinitetemeka, mdogo wangu akaniangalia akasema, "Dada, si wewe uliyekuwa ukinitoa miba ya mlimau nilipokuwa mtoto? Fanya vilevile." Nikafanya vilevile.

Nesi alikuwa na wagonjwa wengi wodini. Alinifunza kwa sababu alijua mgonjwa huyu hatokaa hospitali mpaka mfupa uunge. Atarudishwa nyumbani na vyuma vyake, na huko nyumbani lazima awepo mtu. Mfupa wa muundi uliovunjwa na bomu, jeraha likawa wazi, hauungi kwa wiki mbili tatu. Huo ni mwendo wa miezi. Hospitali ikishamaliza kazi yake, kazi iliyobaki ni ya jamaa, na ndiyo ndefu zaidi.

Tulimrudisha Pemba kwa boti, mguu umenyooshwa juu ya viti viwili, mimi nimekaa sakafuni nimeushika kila boti ilipopiga wimbi. Usiku wa tatu nyumbani, nazi kavu ikaanguka juu ya bati la jiko. Wenzangu wa mashamba mnaujua mlio ule. Sisi tumeuzoea, hata mtoto mchanga hashtuki. Mdogo wangu aliruka kutoka kitandani na vyuma vyake, nikamkuta sakafuni amejibanza ukutani, anaita majina ya watu nisiowajua. Damu ilikuwa inatoka kwenye tundu mbili. Nilikaa naye pale chini, nimemshika kichwa, mpaka adhana ya alfajiri. Wifi yangu alisimama mlangoni na mtoto begani, analia bila ya sauti. Kulipokucha kijana wa jirani alipanda minazi yote iliyo karibu na nyumba akaziangua nazi zote, kavu na mbichi, akazipanga uwani. Hakuna aliyemtuma.

Niambieni, Mhariri, na ndugu wasomaji: kazi ile angeifanya nani? Mke aliyejifungua juzi? Mzee asiyeona?

Tangu siku niliyopigiwa simu darasani mpaka siku alipotolewa vyuma akasimama kwa magongo zilipita wiki ishirini na tatu. Nilizihesabu kwenye kalenda ya ukutani, ile ya picha ya Makka. Kumbukeni hesabu hiyo, kwani inaingia katika jambo ninalotaka kulieleza.

Mtoto wa ami yangu anaishi Marekani, mji wa Columbus katika jimbo la Ohio, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nilipomsimulia yaliyonipata alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Hapa usingefukuzwa." Alinieleza kuhusu mfanyakazi mwenzake, mwanamke ambaye mwanawe alijeruhiwa akiwa jeshini, akaondoka kazini kwenda kumuuguza, na aliporudi akaikuta zamu yake ilipo na kabati lake na kufuli lake. Sikuamini. Akanitumia maelezo ya sheria yenyewe, akanisaidia kuyasoma usiku mmoja baada ya mwengine, yeye akitafsiri kwa sauti na mimi nikiandika kwenye daftari hilihili.

Sheria mama yao ni ya mwaka 1993, inayohusu likizo ya familia na matibabu. Rais Bill Clinton aliitia saini Februari mwaka huo. Inampa mfanyakazi wiki 12 kwa mwaka za kuondoka kazini anapoumwa mwenyewe, anapopata mtoto, au anapomuuguza mke, mume, mzazi au mtoto wake, na kazi yake inabaki pale. Ndugu wa tumbo moja hayumo. Kwa hiyo hata kwao, mtu kama mimi asingepata kitu kwa sheria ile ya mwanzo.

Ikaja vita ya Iraq na ya Afghanistan, na majeruhi wakarudi kwa maelfu. Mwaka 2007 kulipozuka kelele kuhusu namna majeruhi walivyokuwa wakiishi katika hospitali moja kubwa ya jeshi huko, Rais George W. Bush aliunda tume, wenyeviti wake wawili wakiwa Bob Dole na Donna Shalala. Huyu Dole alikuwa seneta mstaafu, lakini mimi kilichonigusa ni kwamba alikuwa majeruhi mwenyewe. Alipigwa Italia mwezi wa Aprili 1945, mkono wake wa kulia haukufanya kazi tena mpaka kufa kwake, na alikaa zaidi ya miaka mitatu akiingia na kutoka hospitali. Watu wa mji wake mdogo wa Russell, huko Kansas, walimchangia pesa za upasuaji wakizitia kwenye kisanduku cha sigara. Niliposoma hapo niliwaona watu wa kijijini kwetu na bakuli la mchango. Tume yake iliwauliza majeruhi wenyewe, na wako waliosema kuwa ndugu au rafiki aliacha kazi ili awe nao. Tume ikapendekeza jamaa wa majeruhi walindiwe kazi zao hadi miezi sita.

Januari 2008 likawa sheria. Wiki 26 ndani ya mwaka mmoja, kwa anayemuuguza askari aliyejeruhiwa au kuugua vibaya kwa ajili ya kazi yake. Wiki ishirini na sita. Mimi nilihitaji ishirini na tatu.

Na safari hii ndugu wamo. Sheria imewataja mke, mume, mzazi na mtoto, kisha ikaongeza "jamaa wa damu aliye karibu", na kanuni zake zikaeleza kwa mpango: kwanza jamaa wa damu aliyepewa ulezi wa askari kisheria, halafu ndugu wa tumbo moja, halafu babu na bibi, halafu ami, mjomba, shangazi na mama wadogo, halafu watoto wao. Zaidi ya hayo, askari mwenyewe anaweza kuandika kwa maandishi jina la jamaa wa damu anayemtaka amuuguze, na akishaandika, huyo ndiye. Nilipofika hapo nilimwambia binamu yangu arudie kusoma. Mdogo wangu kabla ya kuondoka kwenda Kongo aliandika jina la baba kuwa ndiye wa kuarifiwa. Ananiambia kwamba lau angeulizwa pia nani atamuuguza akiumia, angeliandika jina langu bila ya kufikiri.

Mambo mengine nayapitia kwa ufupi. Likizo hiyo si lazima ichukuliwe kwa mkupuo, inaweza kuchukuliwa siku mbili leo, wiki moja mwezi ujao, kwa ajili ya kumrudisha mgonjwa kwa daktari. Mwajiri ana haki ya kudai cheti cha matibabu. Anayerudi anarudi kwenye kazi yake au iliyo sawa nayo kwa mshahara na maslahi, na bima ya afya aliyokuwa nayo kazini inaendelea wakati wote akiwa nje. Mwaka 2009 wakaongeza waliokwisha kutoka jeshini, ndani ya miaka mitano tangu kutoka, kwa kuwa maradhi ya akili na fikra mara nyingi hujitokeza baadaye. Yule anayeruka kitandani kwa mlio wa nazi huenda asiruke mwaka wa kwanza.

Siisifu sheria ya Wamarekani kana kwamba haina kasoro. Haimlipi mtu hata senti. Wengi wanayo haki lakini hawamudu kuitumia, kwani kodi ya nyumba haingoji. Na kampuni yenye wafanyakazi wasiofika 50 haibanwi, halafu mfanyakazi mwenyewe lazima awe amefanya kazi pale miezi 12 na saa 1,250. Sharti hilo la watu 50 likiletwa Pemba kama lilivyo, sheria yote inakuwa karatasi tupu. Skuli yangu ilikuwa na walimu kumi na saba. Hesabuni maduka ya Chake Chake, hoteli ndogo, maduka ya dawa, viwanda vya mikate, mtaona wangapi wana wafanyakazi 50. Nasema tusichukue hilo. Tuchukue lile la kumlindia mtu nafasi yake, na lile la kumtambua ndugu.

Sasa nije kwetu. Bara wana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kifungu chake cha 34, kama kilivyoandikwa mwaka huo, kinampa mfanyakazi siku zisizopungua nne zenye malipo mtoto wake anapougua au kufariki. Mke, mume, mzazi, babu, bibi, mjukuu na ndugu nao wametajwa, lakini wametajwa kwa kifo tu. Nilipokisoma kifungu kile niliona uchungu. Kwa sheria ile, ndugu yangu angekufa Kongo ningekuwa na siku zangu. Alipona, na kwa kupona kwake nikakosa.

Hata hivyo sheria ile haituhusu sisi wa Visiwani. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Namba 11 ya mwaka 2005, na hapa naomba wawakilishi wetu wanisikilize vizuri. Ulinzi ni jambo la Muungano. Limo katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, na ndiyo maana kijana wa Mtambwe anavaa nguo moja na kijana wa Songea na wanalala handaki moja. Lakini masuala ya kazi na ajira hayamo kwenye orodha ile. Mwalimu wa Wete, mpishi wa hoteli Nungwi, karani wa duka Darajani, hawa ajira zao zinasimamiwa na sheria inayotungwa na Baraza letu la Wawakilishi, Chukwani. Askari akijeruhiwa ni wa Muungano, na dada yake akimuuguza ni mfanyakazi wa Zanzibar. Kwa hiyo Baraza la Wawakilishi halina haja ya kungoja mtu wala kuomba ruhusa Dodoma. Linaweza kuongeza kifungu kimoja katika sheria yake lenyewe.

Na nisisahau kwamba tuna askari wetu hapahapa: KMKM wa kuzuia magendo wanaoingia baharini usiku wa upepo, Zimamoto, JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi), Chuo cha Mafunzo (askari wa magereza), Valantia. Nao wanaumia kazini. Kifungu hicho kiwachukue wote.

Kuna watakaosema majeruhi wenyewe ni wangapi mpaka tutunge sheria. Tarehe 7 Disemba 2017 waasi wa ADF walishambulia kambi ya walinda amani wetu Semuliki, Kivu ya Kaskazini. Askari 15 wa Tanzania walipoteza maisha, na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alilieleza kuwa shambulio baya kabisa kwa walinda amani katika historia ya karibuni. Taifa zima lililia, na majeneza tuliyaona. Siku ile ile walijeruhiwa zaidi ya askari 40. Hao tuliwasoma kwa siku mbili tatu, kisha habari zao zikaisha. Kila mmoja wao alikuwa na mtu pembeni mwa kitanda, na nani aliyeuliza watu hao wanafanya kazi wapi, na kama kazi zao zilikuwepo waliporudi? Darfur, Julai 2013, tulipoteza saba. Tangu mwaka 2013 vijana wetu wamekuwa wakienda Kongo kwa zamu, kwanza chini ya Umoja wa Mataifa na baadaye chini ya SADC pia. Hawakwenda kutembea.

Nimefikiri sana kuhusu waajiri, na sitaki niwaonee. Mwenye skuli ndogo hawezi kuwaacha watoto bila ya mwalimu miezi sita. Lakini nataka niseme ukweli wa yaliyotokea kwetu. Mwalimu aliyeshika nafasi yangu alipatikana ndani ya siku tisa. Alikuwa binti aliyemaliza chuo na hana kazi, akasomesha vizuri, na watoto wakafaulu. Kwani isingewezekana aandikiwe mkataba wa miezi sita, aelezwe mapema kwamba mwenye nafasi anauguza? Ndivyo hasa tunavyofanya kwenye uzazi. Mwalimu mwenzangu wa Hisabati alikwenda likizo ya uzazi mwaka huohuo, mwengine akashika vipindi vyake, na aliporudi akakuta meza yake na hata kikombe chake cha chai. Hakuna aliyeona ajabu. Wako wazee wanaokumbuka enzi ambazo mwanamke akishika mimba ilikuwa ndiyo mwisho wa kazi. Likizo ya uzazi ilizoeleka, na hii itazoeleka.

Mimi siombi mwajiri anilipe mshahara wa kazi nisiyoifanya. Naomba kiti changu kisikaliwe moja kwa moja. Naomba cheti cha daktari wa jeshi kiwe kinatosha, bila ya mtu kulazimika kuelezea majeraha ya ndugu yake mbele ya meza ya mtu. Naomba miaka yangu ya utumishi isianze upya. Hili la mwisho watu hawalioni mpaka limfike mtu. Michango yangu ya ZSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, ilikatika, na miaka sita niliyochangia ikasimama palepale. Mfuko huo tayari unatoa fao la uzazi. Wataalamu wakae waangalie kama unaweza kumsaidia na anayemuuguza majeruhi, hata kwa kumwendelezea michango tu. Kwa mwajiri mwenye watu watano au sita, Serikali itafute namna ya kumpunguzia mzigo. Sina elimu ya fedha, siwezi kusema namna gani, lakini wapo wanaolipwa kufikiri hayo.

Na fomu. Askari kabla ya kupelekwa nje aulizwe nani atamuuguza akijeruhiwa, aandike jina, na mwajiri wa mtu huyo, akiwa anaye, apewe barua mapema. Jambo hilo halina gharama zaidi ya karatasi na wino.

Mdogo wangu sasa anatembea kwa mkwaju. Yuko kambini, kapewa kazi za ofisini. Mtoto wake aliyekuwa wa siku kumi na tisa anasoma chekechea. Mimi nasomesha tuisheni barazani kwetu, jioni, watoto kumi na wanne, ubao nimeuegemeza kwenye nguzo. Nimeomba kazi skuli nne. Wananiuliza kwa nini niliacha ile ya mwanzo, nawaeleza, wananiangalia kwa huruma, na simu haiji.

Yule mama wa visheti niliyemwona Mkoani namjua. Binti yake mkubwa anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya umeme Chake Chake, mwaka wake wa tatu sasa, na ndiye anayewalisha wote pale nyumbani. Boti ilipokwisha kuondoka nilimfuata binti huyo nikamuuliza kama aliwahi kupewa mkataba wa kazi wa maandishi. Akasema anao, uko kabatini. Nikamwambia akautoe ausome ukurasa wa likizo. Jana usiku amenipigia. Ameusoma mara mbili, na anataka kujua kama "dharura ya kifamilia, siku tatu" ina maana na kaka yake yumo.

Sikuwa na la kumjibu, ndiyo maana barua hii naileta kwako leo.

Mwalimu, Wete, Pemba
(Jina langu unalo, Mhariri. Nakuomba usilichapishe.)